Tuandikieni: barua ya wazi kwa wanaofunga kumbi kwa simu

Kwa Waziri wa Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto. Kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Kwa Magavana wa Nairobi na Kiambu. Na kwa ofisa yeyote ambaye jina lake hatulijui ingawa sauti yake tumeshaizoea.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka mitaa ya mashariki ya Nairobi. Hatuandiki kuomba pesa. Tunalitanguliza hilo kwa kuwa barua za wasanii kwa serikali zimezoeleka kuwa za kuomba, na karani anayezifungua huwa na jibu lake tayari: bajeti ya mwaka huu imekwisha, jaribuni mwaka ujao. Tunachoomba hakimo kwenye bajeti yoyote. Ni karatasi moja yenye nembo ya ofisi, tarehe, sababu na sahihi ya mtu. Mnapotaka kuzuia mchezo, kuzima filamu au kufunga ukumbi, tuandikieni.

Mjue kwanza mnaongea na nani. Ukumbi wetu ni bohari ya zamani iliyokuwa ikihifadhi vipuri vya magari. Tuliipangisha, tukasugua mafuta sakafuni, tukajenga jukwaa kwa mbao zilizobaki kwenye mjengo wa jirani. Tuna viti vya plastiki, spika mbili na jenereta ya kuazima. Siku za wiki watoto wa ploti za karibu hufanyia pale kazi za shule, maana nyumbani kuna chumba kimoja na televisheni. Jumamosi kuna mazoezi ya ngoma na maigizo. Mara moja kwa mwezi tunaonyesha mchezo au filamu, kisha watu hubaki kubishana mpaka mama wa chapati aliye mlangoni azime jiko lake. Tuna cheti cha kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Hatuli cha chama chochote. Wanasiasa waliotuletea fulana na leso wakati wa kampeni waliondoka nazo, jambo lililowaudhi baadhi ya mama zetu, kwa kuwa zile leso zilikuwa nzuri kweli.

Jina la ukumbi hatulitaji, wala la ofisi iliyotusumbua. Yaliyotupata yamewapata wenzetu wengi, na mwenye ploti yetu ana watoto wa kusomesha.

Mambo huenda hivi. Tunatangaza mchezo. Siku zikikaribia, simu inalia, lakini hailii kwetu. Inalia kwa mwenye ploti. Mpigaji anasema anapiga "kutoka ofisini", basi. Anamuuliza kama anajua kinachoendelea ndani ya nyumba yake. Anauliza habari za kizima moto, za choo cha pili, za leseni ya biashara, za mlango wa dharura. Mambo ambayo hakuna aliyeyauliza tangu tuingie pale, na ambayo hayataulizwa tena mchezo ukishaahirishwa. Kesho yake chifu anapita, kwa upole, maana ni jirani na mwanawe alicheza ngoma kwetu. "Vijana, mimi sina shida na nyinyi. Ni amri kutoka juu." Juu wapi, bwana chifu? Anatazama kando. Ni sheria gani? Anacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa umri wa mbingu. Jioni mwenye ploti anakuja mwenyewe, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anasema kodi yetu hajawahi kulalamika nayo, lakini tumwelewe.

Tunamwelewa. Na mchezo unakufa.

Tazameni basi kilichobaki mezani. Hakuna aliyekamatwa. Hakuna kufuli la serikali mlangoni. Mwandishi wa habari akizunguka ofisi zenu zote akiuliza nani amefunga ukumbi ule, kila ofisi itamjibu kwamba haijafunga ukumbi wowote, na kwa namna fulani itakuwa inasema kweli. Wakili akituuliza tumshtaki nani, hatuna jina. Akiuliza tupinge uamuzi gani, hatuna uamuzi. Tuna simu iliyopigwa kwa mtu mwingine.

Tumeisoma Katiba ya 2010. Tulikuwa na nafasi, ukumbi ulikuwa umefungwa. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake, hakikuuacha ujifiche ndani ya uhuru wa kusema kwa jumla. Kifungu hichohicho kinaweka mipaka, nasi tunaijua: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki. Lakini kilichotushika zaidi ni Kifungu cha 47, ambacho wasanii hatukisomi kwa kuwa kinaonekana ni cha mawakili. Kinasema kwamba hatua ya kiutawala ikimwathiri mtu katika haki yake, au ikielekea kumwathiri, mtu huyo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi, waheshimiwa. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria nzima ya kukitekeleza. Kwa hiyo barua tunayoomba si hisani. Ni deni.

Na ile Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ambayo kila askari anayefika mlangoni huitaja bila kuifungua? Nayo tumeifungua. Tangu mageuzi ya IPPG ya mwaka 1997, yale waliyokubaliana wabunge wa chama tawala na wa upinzani, anayeandaa mkutano wa hadhara haombi kibali. Anatoa taarifa kwa polisi, si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla. Ofisa anaweza kusema hapana ikiwa mtu mwingine amewahi kutoa taarifa ya mahali hapohapo kwa saa hiyohiyo. Anaweza pia kusimamisha mkutano panapokuwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani, na hilo hatulipingi. Ila mikutano iliyoitishwa kwa ajili ya utamaduni, burudani, dini au hisani tu, sheria hiyo imeitenga na mikutano ya hadhara tangu mwanzo. Mchezo wa kuigiza Jumamosi jioni kwenye bohari umo humo. Hata hivyo sisi tumekuwa tukipeleka taarifa kituoni, kwa adabu, na nakala zetu zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Polisi wana karatasi zetu. Sisi hatuna yao hata moja.

Kuna watakaosema tunakuza jambo dogo, kwamba simu mbili tatu si udikteta. Sawa. Twendeni Limuru.

Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, iko kama kilomita 30 kutoka hapa, na Gavana wa Kiambu anaijua vizuri kutushinda. Ni kijiji cha miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau: mkoloni aliwatoa watu kwenye mashamba yao akawapanga mahali pamoja ili awaone. Uhuru ulipokuja watu walibaki palepale, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na wa mashamba ya chai, wengine wakulima wenye vipande ambavyo havilishi nyumba. Mwaka 1976 mama mmoja wa kijiji alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati ule mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akamuuliza kwa nini elimu yote ile haiteremki kijijini. Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka akapata jibu.

Kiwanjani palikuwa na jengo la udongo la vyumba vinne, na nyasi. Walianza na madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Kisha wanafunzi wakataka mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandaa muswada kwa Kikuyu, Kĩmani Gecaũ akaongoza. Mazoezi yalifanywa hadharani na kila mpita njia akawa mhariri. Mzee angesimama kusema kwamba wakati wetu wimbo huu haukuimbwa hivi. Mfanyakazi wa kiwandani angekokotoa mshahara wake mbele ya watu, senti kwa senti, mpaka maneno ya mhusika yakae sawa. Jukwaa walilijenga wenyewe: ulingo wa nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, viti virefu vya mbao vilivyopandana ngazi kwa ngazi, nafasi ya watu wapatao 2,000, paa hakuna. Hapakuwa na mfadhili aliyekuja kukata utepe.

Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Unamhusu mkulima mwenye ekari moja na nusu anayevutwa kuchukua mkopo wa benki ili afunge ndoa ya kanisani, na mwisho shamba linachukuliwa na tajiri. Watu walikuja kutoka mbali, kwa mabasi na magari ya kukodi. Sisi tunaofanya maigizo leo, tukibembeleza watu kwa mabango na jumbe za simu ili tujaze viti vichache, tunaisikia habari hiyo kwa wivu.

Novemba 16 mwaka huohuo, Mkuu wa Wilaya ya Kiambu alifuta leseni ya kukusanyika pale kiwanjani. Mwezi na nusu tu. Desemba 31, Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti, bila mashtaka, bila hakimu, mpaka Desemba 12, 1978. Kazi yake chuoni hakuirudia.

Wanakijiji hawakukata tamaa. Mwishoni mwa 1981 walianza kuandaa mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra (Mama Niimbie), wa nyimbo za lugha nyingi za Kenya, kuhusu kipande, ile pasi ambayo Waafrika walilazimishwa kubeba, na kazi ya shuruti zama za ukoloni. Walitaka kuuonyesha katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, Nairobi, Februari 1982. Hapa tunawaomba msome polepole, maana hapa ndipo barua yetu ilipo. Leseni iliombwa. Haikukataliwa kwa hoja ambayo mtu angeijibu, haikutoka tu. Siku ilipofika, milango ya ukumbi ilikuwa imefungwa na waigizaji wakabaki nje. Mazoezi waliyofanya katika ukumbi wa Chuo Kikuu yalitazamwa na maelfu ya watu, kisha na huko nako mlango ukafungwa. Machi 11, 1982, serikali iliondoa usajili wa Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii cha Kamĩrĩĩthũ na kupiga marufuku maigizo katika eneo zima. Siku iliyofuata malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kiwanjani, na ule ukumbi usio na paa ukabomolewa mpaka chini.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliishia uhamishoni. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifia huko mwaka 2008 katika ajali ya gari.

Hatusemi kwamba nyinyi ni wale. Malori hamjatuma kwetu. Tunachosema ni kwamba katika habari ile nzima, kuna siku serikali ilifanya dhuluma kwa jina lake na tarehe yake, na kuna siku ilinyamaza ikaacha milango ifungwe. Ya kwanza tunaweza kuijadili leo, karibu nusu karne baadaye: ofisi inajulikana, siku inajulikana, tunaweza kuuliza ilikuwa halali au la. Ule ukimya wa Februari ndio mliourithi na kuustawisha. Mkuu wa Wilaya wa 1977, pamoja na ubaya wote wa uamuzi wake, alikuwa na uamuzi. Nyinyi mna simu.

Na mchezo wenyewe? Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, ileile milango, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Watu walicheka, walilia, walipiga picha na waigizaji. Serikali haikuanguka. Matatu za Ngara ziliendelea kugombania abiria. Yale mambo ambayo mtu alifungwa karibu mwaka mzima kwa kuyaandika yakawa jioni njema ya mjini kwa mwenye tiketi. Tungependa kumuuliza ofisa wa 1977 alikuwa anaogopa nini hasa, lakini hakutuachia maelezo.

Mtasema hayo ni ya zamani. Basi tuje Aprili 2025. Wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Waliondolewa kwenye mashindano, Mahakama Kuu ikaamuru warudishwe, wakafika Nakuru kwa tamasha la taifa. Mwandishi alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani, na vitoa machozi vikarushwa nje ya ukumbi. Watoto wa shule. Kwa wanaokumbuka, shule hiyohiyo na mwandishi huyohuyo walikuwa wamezuiwa mwaka 2013 na mchezo mwingine, na mwaka ule pia Mahakama Kuu iliamuru uigizwe. Mahakama imesema mara mbili. Hatujui ni mara ngapi inatosha.

Mwezi huohuo wa Aprili, filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi karibu na Bunge, Juni 2024, ilikuwa ionyeshwe Nairobi. Onyesho likafutwa, na BBC wakasema ni kwa shinikizo la mamlaka. Mamlaka gani? Amri iliyoandikwa hatujaiona. Siku chache baadaye, Mei 2, watengenezaji filamu wanne wakakamatwa. Ukumbi mmoja mdogo ukisikia hayo, unafikiri unangoja simu yake? Hausubiri. Unajifunga wenyewe.

Na hilo la kujifunga wenyewe ndilo linalotuuma kuliko chifu na simu zake. Zamani kijana wetu akileta muswada tulibishana kama unachekesha, kama mama mkwe anaingia mapema mno, kama mwisho unaeleweka. Sasa tunaanza kwa kuuliza: huyu diwani wa kwenye mchezo hawezi kuwa mwalimu mkuu? Huyu askari lazima avae sare? Hii sehemu ya mochari tuiache? Tunakata, tunapunguza, tunabadilisha mji kuwa nchi ya kubuni yenye mfalme. Mwishowe tunapata mchezo ambao haumkeri mtu na haumhusu mtu, na watu wa mtaa, ambao si wajinga, wanaondoka mapema kwenda kutazama mpira. Hakuna ofisa aliyetuagiza kumvua askari sare. Tulimvua wenyewe, kwa kuwa hatujui mpaka uko wapi, na anayeujua hataki kuuandika.

Tulimwalika OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kwenye onyesho, hakuja. Alikuja askari kanzu, ambaye mtaa mzima ulimtambua kabla hajavuka barabara. Alilipa kiingilio, akakaa nyuma, akacheka sana sehemu ya mahakama ya mtaa, na alipotoka alimwambia kijana wa mlangoni kwamba mhusika wa polisi hashiki bunduki inavyotakiwa. Tulirekebisha. Yeye ni aina ya mkaguzi ambaye tunaweza kuishi naye.

Lipo swali la pesa, na ni halali kuliulizia. Ofisini kwenu mnapenda kusema kumbi hizi ni za wafadhili wa nje. Hatutajifanya kwamba jambo hilo halijawahi kutokea. Mwaka 1963 palifunguliwa hapa Nairobi kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kikiongozwa na mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, na kilipata fedha kutoka Congress for Cultural Freedom. Kufikia 1967 dunia nzima ilijua kwamba fedha za shirika lile zilitoka CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Waliofundisha watoto hadithi na maigizo pale hawakuwa majasusi, lakini funzo lipo, nasi tumelichukua: hesabu zetu za kila mwezi zimebandikwa ukutani kando ya mlango, kiingilio, kodi, mafuta ya jenereta, na mchango wa kila mtu aliyetuchangia. Njooni mzisome. Kisha mtuambie ni ofisi gani ya umma katika jiji hili iliyobandika zake.

Sasa, barua yenyewe tunaitakaje? Iwe fupi. Itaje jina na cheo cha anayetoa amri, maana "ofisi" haina mkono wa kuandika. Itaje sheria na kifungu. Iseme ni nini katika mchezo kinachovunja kifungu hicho: ukurasa gani, maneno gani, picha gani, muswada tutawapa mkiutaka, hatuna siri. Iseme zuio ni la muda gani. Na iwe mikononi mwetu mapema, tupate nafasi ya kwenda kortini kabla ya pazia kufunguliwa. Wala isipitie kwa mwenye ploti. Yeye ametupangisha nyumba. Hakuandika mchezo, haigizi, na hafai kutishwa kwa choo cha pili. Mkaguzi wa kweli wa choo akija siku ya kawaida, na daftari lake, tutampokea na tutachimba.

Mtasema: tukiandika, mtatushtaki. Ndiyo. Ndiyo maana tunaomba.

Inspekta Jenerali, ombi hili linakuangukia wewe zaidi, na si gumu. Toa agizo kwa vituo vyako kwamba hakuna ofisa atakayesimamisha onyesho la sanaa kwa mdomo. Asiyeweza kuandika sababu yake airudishe simu mfukoni. Utashangaa jinsi amri kutoka juu zitakavyopungua siku zitakapohitaji sahihi.

Mheshimiwa Waziri, Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Marekani, Mei 28, 2025, rambirambi zilimiminika kutoka serikalini. Zilikuwa maneno mazuri, na tunaamini wengine wenu mlisoma vitabu vyake shuleni mkavipenda. Ikiwa kuna mpango wa kumjengea sanamu au kuita barabara kwa jina lake, sisi hatutaupinga, ila tungeomba ungoje. Ni vigumu kutazama sanamu ya mtu aliyefungiwa ukumbi ukiwa umetoka kufungiwa wako. Kabla ya shaba, tupeni waraka wa wizara unaosema kwamba Kifungu cha 33 na cha 47 vinahusu pia bohari yenye viti vya plastiki.

Gavana wa Kiambu, pale palipokuwa na jukwaa la Kamĩrĩĩthũ sasa pana chuo cha ufundi. Chuo hicho na kibaki, vijana wanahitaji kuchomelea na kushona kama walivyohitaji kusoma. Lakini Katiba imezipa kaunti shughuli za kitamaduni, makumbusho na maktaba, kwa hiyo jambo hili liko mezani kwako na halihitaji kusubiri Nairobi. Pawepo tena viti vya mbao kwenye uwanja wa wazi, wajenge wenyeji, na ufunguo, ikiwa uwanja usio na paa unahitaji ufunguo, wakae nao wenyeji. Usiweke kamati ya kaunti ya kuidhinisha michezo. Kamati ya namna hiyo Kamĩrĩĩthũ walikuwa nayo, ndiye Mkuu wa Wilaya.

Gavana wa Nairobi, kwako tuna neno moja tu: leseni za kaunti. Wakaguzi wako wa biashara na wa zimamoto wasigeuzwe fimbo ya ofisi nyingine. Tunalipa, risiti tunazo, na wanaotukagua waje kwa ratiba ambayo haifanani na ratiba yetu ya maonyesho.

Mchezo uliosimamishwa tutauonyesha Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni. Taarifa imeshapelekwa kituoni na nakala yetu imepigwa muhuri. Anayetaka kuuzuia aje na barua. Mlango wetu hufunguliwa saa nane mchana na yeyote atakayekuwepo ataipokea na kutia sahihi kwenye daftari lenu. Tutaibandika ukutani, karibu na hesabu za mwezi, kisha tutaipeleka kwa wakili. Mpaka tunapoandika haya hatujapokea yoyote, kwa hiyo mazoezi yanaendelea, na askari wetu amevaa sare.

Wenu,

Waigizaji, wacheza ngoma na watunza funguo wa ukumbi mmoja wa mtaani
Eastlands, Nairobi